Walinda mazingira hutukinga na maradhi: tuwatuze wangali hai

Ndugu msomaji, kuna kazi moja katika utabibu ambayo haina shukrani, nayo ni kuzuia ugonjwa usitokee. Mtu akimjia daktari akitetemeka kwa homa, akapimwa na kupewa dawa, siku chache baadaye atarudi akitabasamu, na pengine amebeba kuku wa asante. Lakini yule ambaye hakuugua kipindupindu kwa sababu kuna watu waliozibua mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba yake, hana habari hata kidogo kwamba kuna mtu wa kushukuriwa. Ugonjwa ambao haukutokea hauna jina, hauna sura, wala haupigwi picha gazetini.

Leo ningependa tuzungumze kuhusu watu ambao pengine hujawahi kuwahesabu miongoni mwa wahudumu wa afya. Ni akina mama wanaotunza vitalu vya miche kando ya mito. Ni vijana wanaozoa taka mtaani kwa mkokoteni. Ni wavuvi wanaopanda mikoko, na wakazi wanaosimama kidete kiwanda kinapowamwagia sumu. Hawavai koti jeupe, lakini kila wiki wanapunguza foleni ya wagonjwa katika zahanati zetu.

Hoja yangu ni kwamba watu hawa wanastahili kutambuliwa na kutuzwa rasmi hapa kwetu, wangali hai na wangali kazini. Tena tuzo yenyewe iwe ya kuwalinda afya na usalama wao, si karatasi tu ya kutundikwa ukutani.

Wanatukinga vipi?

Huenda ukauliza, mti na taka vinamhusu vipi daktari? Vinamhusu sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, huchangia vifo vya takriban watu milioni 7 duniani kila mwaka. Plastiki zinapochomwa kando ya barabara, moshi wake huingia katika mapafu ya mtoto mwenye pumu anayelala chumba cha pili. Kijana anayezoa zile plastiki kabla hazijatiwa moto amemtibu mtoto huyo kabla hajaanza kukohoa.

Chukua mbu. Yule mbu anayeeneza homa ya dengi na chikungunya hupenda kutaga mayai katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, vifuu na magurudumu makuukuu. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013, na wa chikungunya kati ya 2017 na 2018. Hatuna dawa ya kuua virusi vya maradhi haya mawili. Tunachofanya hospitalini ni kutuliza homa na maumivu, kumpa mgonjwa maji ya kutosha na kumchunga asizidiwe. Kwa hiyo kikundi kinachozunguka mtaani Jumamosi asubuhi kikikusanya makopo na magurudumu kinafanya jambo ambalo sisi wenye vidonge hatuwezi kulifanya.

Kisha kuna mafuriko. Mwezi wa Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini na kuacha maelfu bila makao, wengi wao wakiwa wakazi wa mabonde ya mito jijini Nairobi. Mto uliojaa takataka hauna nafasi ya maji, na maji yanapofurika huchanganyika na kinyesi cha vyoo na kuingia katika mapipa ya kunywa. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hufuata nyuma yake. Anayeondoa taka mtoni mwezi wa Februari ameokoa maisha mwezi wa Mei, japo mwenye maisha hayo hatajua kamwe.

Mcheza kwao hutunzwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini katika jambo hili la mazingira, Wakenya tumeipindua methali hiyo. Kwa miaka mingi mcheza kwao alikuwa akipigwa, na aliyetunzwa alitunzwa ugenini.

Tumkumbuke marehemu Profesa Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miche saba katika bustani ya Kamukunji jijini Nairobi, na hapo ndipo vuguvugu la Green Belt lilipoanzia. Mwaka 1984 alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, alipopinga ujenzi wa jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge walimkejeli bungeni na shirika lake likafurushwa kutoka ofisi za serikali. Mwaka 1991 alitunukiwa huko Marekani tuzo ya Goldman ya mazingira. Machi 1992, polisi walimpiga hadi akazirai katika bustani ile ile ya Uhuru Park, alipoungana na akina mama waliokuwa wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao ulikuwa ukimegwa na kugawiwa watu binafsi.

Ni kweli kwamba mambo yalibadilika. Watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge mwaka 2002, akateuliwa waziri msaidizi wa mazingira, na Oktoba 2004 dunia ikamtangaza mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road ilipewa jina lake mwaka 2016. Lakini yeye alikuwa ameaga dunia mnamo Septemba 2011.

Tazama sasa faida ya kiafya ya kazi yake. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari anaponijia, ushauri wa kwanza ni kwamba atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki. Mkazi wa Nairobi atatembea wapi, katikati ya matatu? Maelfu wanakwenda Karura, wengine Uhuru Park. Vijia vile vya miguu na kivuli kile ni dawa, nayo ililipiwa kwa damu ya kichwa cha mtu.

Kuna jambo jingine katika historia ya Green Belt ambalo aghalabu husahauliwa. Wanawake wa vijijini waliotunza vitalu hawakuambiwa asante kwa mdomo tu. Walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika mizizi na kuishi. Hawakulipwa kwa mche uliopandwa, bali kwa mche ulioishi. Kufikia mwaka aliposhinda Nobel, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Malipo yale yalikuwa madogo mno, lakini yalimwambia mama wa kijijini kwamba kuna mtu aliyehesabu kazi yake.

Sumu ya Owino Uhuru

Mfano wa pili ni wa pwani. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Bi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba damu ya mtoto ilikuwa na risasi. Mama huyo angeweza kutafuta kazi kwingine akanyamaza. Badala yake aliwauliza majirani kuhusu watoto wao, akaandika barua, akaandamana, na mwaka 2012 akakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Bi Omido naye akapewa tuzo ya Goldman.

Ili uelewe ukubwa wa alichokifanya, ni lazima uelewe sumu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Sumu hii huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu, hudhuru figo, na kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba au kumfikia mtoto tumboni. Dalili zake hazina alama ya pekee: tumbo kuuma, kukosa hamu ya chakula, uchovu, hasira, mtoto kuwa mzito wa kushika masomo. Kwa sumu nyingi, mtoto hupatwa na kifafa au kuzirai. Dalili kama hizo zinafanana na za maradhi mengine kumi.

Uharibifu ukishafika ubongoni, hakuna hospitali inayoweza kuurudisha nyuma. Dawa za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini hutumiwa kwa wagonjwa waliozidiwa, na hazisaidii kitu ikiwa mtoto atarudi nyumbani kuivuta sumu ile ile. Matibabu ya kwanza ni kuondoa chanzo. Na katika Owino Uhuru, chanzo hakikuondolewa na daktari. Kiliondolewa na mama na majirani zake.

Wakazi hao walikwenda kortini. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua kiasi hicho. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ya mwanzo. Hebu fikiria, karibu miaka 11 tangu kiwanda kufungwa, na watoto waliokuwa wa chekechea sasa wamebalehe. Haki ya mazingira safi imeandikwa katika kifungu cha 42 cha Katiba yetu ya mwaka 2010. Waliokiondoa kifungu hicho kitabuni na kukipeleka mtaani ni watu wa mtaa wa mabanda.

Swali langu kwako, msomaji wa mjini, ni hili: Bi Omido alijulikana San Francisco kabla hajajulikana Nairobi. Je, ni lazima kila shujaa wetu apitie uwanja wa ndege ndipo tumwone?

Wasio na majina

Maathai na Omido angalau wanajulikana. Walio wengi hawajulikani hata na jirani. Hapa Nairobi kuna dampo la Dandora, lililofunguliwa miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini taka ziliendelea kumwagwa huko. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na hapo. Karibu nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichotambuliwa wakati huo kuwa cha hatari, na wengi walikuwa na maradhi ya kupumua.

Katika mtaa huo huo wa Dandora, vijana hawakungoja serikali. Chini ya kikundi cha Dandora Transformation League, waliandaa mashindano ya kusafisha na kupamba nyua za nyumba. Kila ua ukaunda kikosi chake, wakazi wakachanga pesa kidogo za usafi, na washindi wakatuzwa mbele ya majirani zao. Nyua zilizokuwa majaa zikawa na nyasi, maua na mahali pa watoto kuchezea. Huo, kwa maoni yangu, ni mfano bora wa kutuza: anayetoa tuzo ni jirani, anayeona kazi ni jirani, na faida ni ya mtoto wa jirani.

Mfano mwingine uko Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mikoko hiyo hunyonya hewa ya kaboni, na kaboni hiyo huuzwa kwa wanunuzi wa nje. Pesa zinazopatikana zimesaidia kuleta maji safi vijijini na vifaa shuleni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Zingatia mambo mawili. Kwanza, aliyetuzwa ni jamii, si mtu mmoja. Pili, ulinzi wa mti umegeuka kuwa maji ya bomba, na maji ya bomba ni kinga ya kuhara.

Kule Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru walipata tuzo hiyo hiyo mwaka 2010. Badala ya kuuingia msitu kuchuma mitidawa hadi iishe, wao hulima wenyewe mmea wa dawa mashambani na kuukamua mafuta yanayotengeneza dawa ya kupaka ya Naturub, ambayo hutumiwa kutuliza mafua na maumivu ya misuli. Msitu umepumua, na mkulima amepata riziki.

Naye mpiga picha wa Nakuru, Bw James Wakibia, alichukizwa na taka za dampo la Gioto, akaanza kupiga picha za mifuko ya plastiki na kuzisambaza mtandaoni akitaka ipigwe marufuku. Marufuku hiyo ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017. Kila mtaro ambao haujazibwa na mfuko tangu siku hiyo una deni lake dogo kwa raia huyo na wenzake.

Kutambuliwa ni ngao

Wapo watakaosema kwamba mtu mwema hatafuti sifa, na kwamba tuzo huleta fitina katika vikundi. Sikatai kwamba fitina zipo. Tumeona vyeti vikigawiwa marafiki wa wakubwa, na mwenyekiti akinyakua fulana zote. Lakini ubovu wa kugawa si sababu ya kunyima. Tena kutambuliwa si sifa tu. Wakati mwingine ni ngao.

Julai 2021, Bi Joannah Stutchbury, mwanaharakati aliyekuwa akipinga unyakuzi wa msitu wa Kiambu, alipigwa risasi na kuuawa karibu na nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka 67. Siwezi kudai kwamba nishani ingeizuia risasi hiyo. Lakini mnyakuzi huhesabu kabla ya kutenda. Mtu ambaye chifu, mkuu wa polisi na gavana wamesimama naye hadharani na kusema "huyu ni wetu" ni mgumu zaidi kuguswa kuliko mtu anayepiga kelele peke yake huku ofisi zote zikimwita mchochezi.

Kuna na ngao ya mwili. Mzoa taka huchomwa na sindano zilizotumika, hukatwa na vigae vya chupa, na hukanyaga maji yenye mkojo wa panya. Kwa hiyo yuko hatarini kupata homa ya ini ya aina ya B, virusi vya Ukimwi, pepopunda na homa inayoenezwa na panya. Chanjo ya homa ya ini ya B ipo, nayo hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita. Chanjo ya pepopunda ipo. Anayechomwa na sindano iliyotupwa anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, mradi afike hospitalini haraka, na isizidi saa 72, kisha azimeze kwa siku 28. Ni wangapi kati ya wale wanaobeba taka zako wanaolijua hili? Hatuwezi kumpa mtu cheti cha "mlinzi wa mazingira" Jumatatu na kumwacha achomwe na sindano Jumanne bila glavu.

Tufanye nini?

Kwa bahati nzuri, kalenda yetu imetuwekea nafasi. Tangu 2024, tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira. Tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Kati yake kuna siku kumi. Napendekeza kila kaunti izitumie siku hizo kuwatambua walinda mazingira wa kila wadi, kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, wachaguliwe na majirani zao katika baraza la wazi, si kwa orodha iliyoandikwa ofisini. Anayekaa karibu na mtaro ndiye anayejua nani huuzibua.

Pili, kipimo kiwe kazi iliyodumu. Tumeona siku za kupanda miti, kama ile ya mapumziko ya tarehe 13 Novemba 2023, ambapo miche mingi ilitiwa ardhini kwa mbwembwe. Jambo hilo ni jema. Lakini atuzwe yule ambaye miche yake imevuka kiangazi mara tatu, kama akina mama wa Green Belt walivyolipwa kwa mche ulioishi.

Tatu, tuzo iende kwa kikundi kizima, na majina ya wote yasomwe, pamoja na mama anayechota maji ya kumwagilia.

Nne, tuzo iwe kinga. Kila mwanachama apewe chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda katika kituo cha afya cha karibu, glavu nzito, gambuti na barakoa. Kaunti ikilipie kikundi mchango wa bima ya afya ya SHA kwa mwaka mmoja. Kwa kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, kikundi cha watu 20 kitahitaji shilingi 72,000 kwa mwaka. Kaunti inayoweza kukodi mahema, vipaza sauti na viti vya wageni mashuhuri haiwezi kusema kwamba pesa hizo haina.

Tano, anayechafua asitoe tuzo. Kampuni inayomwaga uchafu mtoni siku sita haifai kuwa mgeni wa heshima siku ya saba, ikigawa fulana zenye nembo yake.

Usidhani kwamba haya ni ndoto. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa kijamii walitembea nyumba kwa nyumba bila malipo, wakitegemea baraka za Mungu. Septemba 2023 serikali iliwatambua rasmi wahudumu 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa na kukubaliana na kaunti kugharamia marupurupu yao. Kama iliwezekana kwa anayepima shinikizo la damu nyumbani kwako, kwa nini isiwezekane kwa anayezibua mtaro wa nyumba hiyo hiyo?

Wewe nawe una sehemu yako

Msomaji, usiingoje kaunti. Unaweza kuanza wiki hii. Mwulize anayechukua taka zako jina lake, na umwite kwa jina hilo, si "chokora". Mlipe kwa wakati. Tenganisha mabaki ya chakula na chupa, karatasi na plastiki. Vigae vya chupa vifunge katika gazeti nene na uvitie alama.

Na ikiwa nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, nakusihi, usitupe sindano katika mfuko wa taka. Zitie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ile ya sabuni ya maji. Ikijaa hadi robo tatu, ifunge kwa utepe na uipeleke hospitali au zahanati unakopatia dawa, wakaiteketeze. Sindano moja uliyoitupa ovyo inaweza kuingia katika kiganja cha kijana mwenye watoto wadogo.

Walimu wa shule, karibisheni kikundi cha mtaani kiwaeleze wanafunzi kazi yake. Maimamu, mapadri na wachungaji, tajeni majina yao katika ibada. Wahariri, wapeni nafasi hata pasipokuwa na mlipuko wa maradhi. Na madaktari wenzangu, tunapopanga kampeni za chanjo, tuwaweke watu hawa miongoni mwa wahudumu walio hatarini, maana ndivyo walivyo.

Hodari wetu wengi tumewapa majina ya barabara wakiwa kaburini. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete huvikwa chanda kilicho hai. Kesho asubuhi mkokoteni utakapopita mlangoni kwako, tazama ni mikono ya nani inayousukuma, na kama mikono hiyo ina glavu.